Bei ya Bakuli la Jumamosi

Mtu anayekereza mbao kwa burudani hapa Bujumbura, mwenye kazi nyingine inayomlisha siku tano za wiki, huwa na njia moja ya kupanga bei. Anahesabu faranga zilizokwenda kwenye msasa na vanishi, anaongeza za soda, basi. Gogo alipewa na jirani aliyekata mparachichi, mashine aliundiwa na mchomeleaji kwa mota iliyokuwa imelala, na saa alizosimama mbele ya mashine hiyo anasema zilikuwa za kujistarehesha. Mwongozo huu unadai kwamba hesabu hiyo ni pungufu, na kwamba upungufu wake hauishii mfukoni mwake mwenyewe. Bei ya kipande kilichokerezwa Jumamosi ianze pale pale inapoanzia bei ya fundi anayekereza kila siku: mti, saa, vifaa, hasara, na gharama ya kuuza. Ukishapata jumla hiyo ndipo uliulize soko linasemaje. Anayeanza na soko, akapanga bei kwa kuchungulia meza ya mwenzake, hatajua kamwe kama anauza au anagawa.

Pingamizi la kwanza huja hapo hapo: kwa nini nitoze saa ambazo nilizifurahia? Nani amlipe mtu kwa kucheza? Jibu ni kwamba hakuna anayekulazimisha kuuza. Ukimpa shemeji bakuli siku ya harusi, saa zako ni zawadi na hazina hesabu. Lakini ukishaliweka mezani na kulitajia faranga, umeingia kwenye biashara, na humo mwenye duka hakuulizi kama una mshahara wa serikali. Anachokiona ni kwamba wewe unamletea bakuli kwa nusu ya bei ya seremala wa mtaa wa Buyenzi, na safari nyingine seremala huyo akija na kazi yake anaonyeshwa ya kwako na kuambiwa ashuke. Wewe hujapata kitu, yeye amepoteza kodi ya nyumba. Halafu kuna siku ambayo raha yenyewe haitakuwapo. Mgahawa ukiagiza vikombe 12 vinavyofanana, cha kwanza utakikereza ukipiga mluzi, cha saba utakikereza ukiangalia saa. Kama bei yako haikuwa na saa ndani yake tangu mwanzo, huna tena namna ya kuziingiza bila kuonekana umegeuka.

Basi saa moja ni faranga ngapi? Usibuni. Uliza mtaani kwako seremala mwenye ujuzi wa kawaida analipwa kiasi gani kwa siku, umuulize yeye mwenyewe na si bosi wake, kisha ugawanye kwa saa anazofanya kazi. Kwa ajili ya mfano tutakaoutumia hapa tuseme ni faranga 24,000 kwa siku ya saa 8, yaani 3,000 kwa saa. Weka tarakimu yako badala ya hiyo. Njia ndiyo ninayoitetea, si tarakimu. Kuna watakaosema kwamba anayejifunza ni mzito, na si haki mnunuzi alipie uzito huo. Ni kweli kabisa, na dawa yake ni nyepesi: usihesabu muda uliotumia kwenye bakuli la kwanza la aina hiyo. Kereza matatu ya kipimo kimoja, andika muda wa la tatu, huo ndio muda wa kutoza. Zile saa za ziada za mawili ya mwanzo ni ada ya shule, na ada ya shule hulipwa na mwanafunzi.

Mti wa bure ndio unaowadanganya wengi. Gogo la mwembe lililoanguka uani halikuchukui hata faranga, lakini kati ya uani na mashine kuna kijana wa kulikata kwa msumeno, baiskeli au pikipiki ya kulibeba, nta au rangi ya kuziba ncha zake zisipasuke, na rafu ambayo litakaa juu yake miezi kadhaa. Na hata kama yote hayo uliyafanya mwenyewe, jirani mwingine hatakata mti wiki ijayo kwa sababu yako tu. Kwa hiyo gogo lihesabiwe kwa bei ambayo ungelinunua lingine kama hilo, si kwa bei uliyolipa wewe. Kanuni hii ya gharama ya kurudishia ndiyo uti wa mgongo wa hesabu nzima, na kuna ushahidi wa kinachotokea watu wakiisahau. Nchini Kenya, biashara ya vinyago vya mbao ilienea Ukambani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikakua hadi kulisha maelfu ya familia, zikiwemo zile za chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kule Changamwe, Mombasa, kilichoanzishwa mwaka 1963. Wachongaji walipenda mpingo na muhugu. Bei ya kinyago ililipa gogo la leo, haikulipa mti wa kesho, na kufikia miaka ya 1990 miti hiyo ilikuwa imepungua kiasi cha kutafutwa mbali sana. Mashirika ya uhifadhi, WWF likiwa mojawapo, yakaanza kuwahimiza wachongaji wahamie kwenye mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Si kwamba walikuwa wavivu wa hesabu. Wanunuzi wa jumla walibana bei, kila mchongaji akamwogopa mwenzake, na kitu pekee kisichoweza kulalamika kilikuwa msitu.

Hapa kwetu miti ya anayekereza kwa burudani ni ile ya uani na ya pembeni mwa shamba: mparachichi, mwembe, mjakaranda, mgrevilea. Mkalitusi upo kila kilima, lakini hupasuka kwa hasira. Mringaringa, ambao ndio wa kuchongea ngoma, ningeuacha kwa wachonga ngoma. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2014, na gogo linaloweza kutoa ngoma nzima halistahili kuishia kuwa sahani za karanga. Ukilazimika kuutumia, uwe wa mabaki, na bei yake iseme hivyo.

Sasa hasara, ambayo ndiyo sehemu wengi huiruka kwa sababu haina risiti. Bakuli la mti mbichi hukerezwa mara mbili. Mara ya kwanza unaacha ukuta mnene, karibu sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 25 linabaki na ukuta wa sentimita 2.5. Unalipaka nta kwenye ncha za nyuzi, unalifunga kwa gazeti au mfuko wa karatasi, unaliweka mahali pasipo upepo, unasubiri miezi kadhaa. Kwa miezi hiyo mti unajikunja, mviringo unakuwa yai, na ukikauka ndipo unaurudisha kwenye mashine na kuusawazisha. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kigumu: hewa inakauka, uso wa mti unakauka kabla ya kiini, na asubuhi moja unakuta ufa umetoka ukingoni hadi karibu na kitako, mwembamba kama unywele, ukifuata mstari wa kiini kana kwamba mtu aliupiga rula. Bakuli hilo ni kuni. Hesabu kwa daftari, si kwa kumbukumbu, ni mangapi hupasuka kati ya yale unayoanza. Tuseme ni moja kati ya matano. Hapo wengine hukosea upande wa pili, wakaongeza robo nzima juu ya kila kitu. Si sawa. Bakuli linapopasuka rafuni umeshapoteza gogo na saa ya kwanza tu. Msasa, mafuta na saa za kumalizia hazijatumika bado. Hasara iongezwe juu ya gharama zilizokwisha kuingia kabla ya ufa, basi.

Kwenye vifaa kuna jambo la Burundi lenyewe. Msasa mzuri, patasi za kukerezea za chuma kigumu, gundi, mafuta ya kitani: karibu vyote vinatoka nje, kwa barabara au kwa meli kutoka Kigoma, na bei yake hufuata dola. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, bei rasmi ya dola ikaruka kutoka 2,000 na ushei hadi zaidi ya 2,800 kwa mkupuo mmoja. Mtaani pengo halikuzibika; kufikia 2025 dola ya mtaani ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile rasmi. Mwenye duka la vifaa hununua kwa dola anayoweza kuipata, na aghalabu si ile ya benki. Kwa hiyo msasa ulionunua mwaka jana na kuuweka kwenye sanduku hauna tena bei ya mwaka jana. Ukimtoza mteja bei ya zamani kwa sababu ndiyo uliyolipa, utapata pesa isiyotosha kununua msasa mwingine, na kila bakuli utakalouza litakuacha na vifaa vichache kuliko ulivyokuwa navyo. Andika tarehe juu ya kila hesabu ya bei, na uipitie upya kila miezi mitatu. Umeme nao uingie. REGIDESO ikikata umeme na ukawasha jenereta, petroli ya miaka hii, inapopatikana, haisameheki. Hata bila jenereta, saa ulizokaa ukisubiri taa zirudi huku bakuli limebanwa kwenye mashine nusu-nusu zitakukumbusha kwamba Jumamosi ina mwisho.

Kwa kuwa vitu vya nje ni ghali, wapo wanaotafuta njia ya mkato kwenye kumalizia, na inayovutia zaidi ni mawese: Rumonge ni karibu, mafuta ni ya kwetu, na mti unang'aa mara moja. Usijaribu. Mawese hayagandi hewani kama mafuta ya kitani. Yanabaki mabichi ndani ya nyuzi, yanavuta vumbi, na baada ya muda yanaanza kunuka. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndani ya mafuta ya kitani inatumia angalau kitu kimoja cha hapa na inadumu. Akiba ya faranga 1,000 kwenye kumalizia inaweza kukugharimu mteja aliyekuwa tayari kurudi.

Tuijumlishe sasa, kwa bakuli letu la mparachichi la sentimita 25. Mti, pamoja na kukata na kubeba, 5,000. Saa moja ya kukereza mara ya kwanza, moja ya kusawazisha, moja ya msasa na nusu ya kupaka: saa tatu na nusu, 10,500. Msasa na mafuta 4,000. Umeme, pamoja na kulika kwa patasi na mkanda wa mashine, 3,000. Hiyo ni 22,500. Hasara: gogo na saa ya kwanza ni 8,000, na kwa kuwa manne tu kati ya matano yanafika mwisho, kila zima libebe 10,000 badala ya 8,000, yaani nyongeza ya 2,000. Jumla 24,500. Angalia kwamba humo hakuna faida bado. Kuna malipo ya fundi wa kawaida na vifaa vya kuanzia tena, si zaidi.

Kisha duka. Duka la zawadi au la hoteli likikata asilimia 30, wengi huchukua 24,500, huongeza asilimia 30, hupata 31,850 na kulala usingizi. Lakini duka linakata kwenye bei ya mwisho, si kwenye yako: 30 kwa mia ya 31,850 ni 9,555, unabaki na 22,295, pungufu ya gharama yako kwa 2,205. Umemlipa mwenye duka ili akuuzie kwa hasara. Gawanya badala ya kuongeza: 24,500 kwa 0.7 ni 35,000 kamili. Hiyo ndiyo bei ya kubandika. Na ukiuza mwenyewe, nyumbani au kwenye maonyesho, uza kwa 35,000 hiyo hiyo. Hapa wengi hunung'unika: kama hakuna duka, kwa nini nisimpunguzie mteja? Kwa sababu siku nzima uliyokaa nyuma ya meza ndiyo asilimia 30 yako. Na kwa sababu mwenye duka akisikia kwamba bidhaa aliyoiweka kwenye kabati lake inapatikana kwako kwa 25,000, atakurudishia vyote, na atakuwa na haki.

Mkiandikiana na duka kwamba litakulipa likishauza, jambo moja liwe kwenye karatasi kabla ya asilimia: mali ikiungua, ikiibwa au ikivunjika, ni ya nani? Mji huu hauhitaji kukumbushwa. Soko kuu la Bujumbura liliteketea Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, na wafanyabiashara wengi walipoteza akiba yao yote bila bima. Duka linalokataa kubeba hatari yoyote likate asilimia ndogo zaidi, au likununulie mali taslimu. Ningechagua taslimu hata kwa bei ya chini kidogo, mradi isishuke chini ya 24,500.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: watu hawana pesa. Mwaka 2023 bei za vitu nchini zilipanda kwa zaidi ya robo, mishahara haikupanda hivyo, na familia inayohesabu kilo za maharage haitatoa 35,000 kwa bakuli wakati la plastiki ni bei ya chai ya siku chache. Sina ubishi na hilo. Lakini kushusha bei ya bakuli hakumfanyi mtu huyo awe mteja wake. Hata kwa 15,000 bado angechukua plastiki, na angefanya vyema. Suluhisho liko kwenye kuchagua kitu cha kukereza. Mpini wa kisu, mchi mdogo wa kutwangia vitunguu saumu, kinara cha mshumaa kwa ajili ya usiku umeme unapokatika, hivi vinatoka kwenye vipande vidogo vikavu, havina hasara ya kupasuka, na vinachukua nusu saa au chini yake, kwa hiyo bei halali inaweza kuwa ndogo bila kumdhulumu yeyote. Bakuli kubwa lina wateja wake wengine: mgahawa, maharusi, Warundi wanaorudi likizoni Julai na Desemba wakitafuta kitu cha kupeleka Brussels au Montreal kisichozidi uzito wa sanduku. Hao wa mwisho waambie ukweli kwamba nyumba yenye joto la mashine wakati wa baridi itaukausha mti zaidi, na uwauzie tu vile vilivyokaa rafuni vya kutosha.

Jihadhari na mtindo wa kupanga bei kwa sentimita, kiasi fulani kwa kila sentimita ya upana. Ni rahisi kuukumbuka, na kwa sahani zinazofanana unafaa kwa kiasi. Ila kibweta cha sentimita 8 chenye kifuniko kinachofunga kwa mlio mdogo kinaweza kula saa nyingi kuliko bakuli la sentimita 25, na vinara viwili vinavyotakiwa kuwa pacha ni kazi zaidi ya mara mbili ya kimoja, kwa sababu cha pili hakina uhuru wa kukosea. Sentimita haijui hayo. Saa inayajua.

Kuhusu kupatana, hakuna haja ya kujifanya tuko kwingine. Mteja atauliza bei ya mwisho, na anayekataa katakata huonekana mwenye kiburi. Amua kabla ya kutoka nyumbani sakafu yako ni ngapi, tuseme 31,000 kwa bakuli hili, uiandike, na iwe moja kwa kila anayekuja. Ndiyo, kwa kila anayekuja: bei ya mzungu na bei ya mwenyeji ni desturi ya zamani, na wanaoitetea husema mgeni ana uwezo. Ana uwezo, lakini pia ana majirani. Wageni wengi wa Bujumbura si watalii wa siku mbili, ni watu wa mashirika na balozi wanaokaa miaka na kutembeleana, na bei mbili hugunduliwa kwenye chakula cha jioni cha kwanza. Ukitaka kumpata mwenye uwezo zaidi, mtengenezee kitu chenye kazi zaidi. Na mteja anapong'ang'ania chini ya sakafu, mwongezee kitu badala ya kupunguza: pia ya kuchezea watoto, iliyokerezwa kwenye ncha ya mti uliokuwa uende jikoni, inakuchukua dakika tano na inamfurahisha kuliko faranga 2,000 alizokuwa anazipigania.

Kazi ya kuagizwa ina sheria yake. Chukua arubuni inayotosha angalau mti na vifaa, nusu ya bei ikiwezekana, na uandike upana, aina ya mti na tarehe, huku tarehe ikihesabu muda wa kukauka. Mteja anayetaka bakuli la mti mbichi baada ya wiki mbili anataka ufa, na ni wewe utakayelaumiwa. Bei ya oda iwe na mwisho wake pia. Andika kwamba ni halali kwa siku 30. Vitu vyako vikianza kuisha mezani kabla ya saa sita mchana, au oda zikakufikia miezi miwili mbele, pandisha bei ya mzigo unaofuata kwa asilimia 10 na uone. Zile faranga za juu ya 24,500 ndizo faida yako ya kwanza ya kweli, na patasi mpya zinunuliwe kutoka humo, si kutoka kwenye mshahara.